Mraba au pembetatu: uanze na kipi kwenye shuka la viraka?

Wanaokuja kwangu kujifunza kushona shuka la viraka huwa wameshaona picha kwenye simu. Wameona nyota yenye pembe nane, wameona pangaboi la rangi mbili linaloonekana kama linazunguka, na wanalitaka hilohilo. Kiroba cha mabaki ya vitenge wamekipata kwa fundi wa mtaani, mkasi mkali wanao, na swali lao ni moja: nikate miraba au nikate pembetatu? Nimeshona vyote viwili kwa miaka mingi, kwa cherehani ya kukanyaga na kwa mkono. Jibu langu hutegemea kitambaa ulichonacho, mtu atakayelilalia hilo shuka, na kama mkono wako umeshazoea kushona robo inchi bila kuyumba.

Tukubaliane maneno kwanza. Shuka la viraka, ambalo wengine huliita mfarishi, lina tabaka tatu: uso uliounganishwa vipande, pamba au blanketi jepesi katikati, na bitana chini. Uso hujengwa kwa vigae vikubwa vinavyolingana, na kila kigae nitakiita bloku. Nafasi ya mshono, yaani umbali kutoka ukingo wa kipande hadi mshono wenyewe, ni robo inchi kila upande. Natumia inchi kwa kuwa ndizo mafundi wetu wanazopimia kwenye futikamba.

Sasa shika kipande cha kitenge mikononi. Kivute kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu: hakiendi popote. Kivute kwa kufuata mshindio, nyuzi za upana: kinakubali kidogo sana. Kisha kishike kona kwa kona, mshazari, ukivute. Kinanyumbuka, na ukikiachia hakirudi sawasawa kilivyokuwa. Hapo ndipo ilipo tofauti ya mraba na pembetatu. Mraba uliokatwa kwa kufuata uzi una pande nne zilizotulia. Pembetatu inayotokana na mraba uliogawanywa mara mbili ina pande mbili zilizotulia na moja, ile ndefu, inayonyumbuka. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Shuka langu la kwanza la pembetatu lilikuwa la mtoto wa mdogo wangu. Nilikata kanga mbili jioni moja, pembetatu zote kabla ya kushona hata moja, nikazipanga mafungu kwa rangi, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Kesho yake nilipoanza kuziunga, kila niliyoipitisha chini ya mguu wa cherehani ilivutika kidogo. Sikuiona kwa jicho. Bloku ya kwanza ilipokamilika niliilaza mezani, ikainuka katikati kama kawa la kufunikia chakula. Niliipiga pasi ya mkaa, nikaitia maji, nikaipiga tena. Ilikubali kulala kwa dakika chache kisha ikarudi vilevile. Bloku 12 zote zilitoka hivyo. Mtoto alilalia shuka la miraba niliyoikata upya kutoka kanga nyingine.

Hesabu ya kazi na kitambaa

Chukua kitanda cha futi 4 kwa 6. Shuka linaloning'inia vizuri pembeni litahitaji kama futi 5 kwa 7, yaani inchi 60 kwa 84. Ukishona bloku za inchi 12, utahitaji bloku 5 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 35. Kila bloku iwe na vipande 16 vya inchi 3, vinne kwa vinne. Hapo una vipande 560.

Vikiwa miraba mitupu, kila kimoja kinakatwa inchi 3 na nusu, na bloku moja ina mishono 15: mitatu katika kila safu nne, halafu mitatu ya kuziunga safu. Vikiwa miraba iliyoundwa kwa pembetatu mbili, ongeza mishono 16 ya mshazari, ufike 31. Kazi imezidi mara mbili, na bado sijataja kupunguza kingo za kila kipande, kwa sababu mraba wa pembetatu hautoki ukiwa na kipimo chake kamili. Lazima uupunguze mmoja mmoja. Mara 560.

Kitambaa nacho huongezeka, ingawa si kwa kiasi watu wanachokiogopa. Ukikata vitenge vyenye upana wa inchi 45, miraba 560 ya inchi 3 na nusu itakula yadi 4 na nusu na ushei. Pembetatu, kwa njia nitakayoieleza, zinaanzia kwenye miraba ya inchi 4 na kula kama yadi 5 na theluthi mbili. Tofauti ni kama yadi moja. Kwa hiyo anayeniambia anachagua miraba ili kubana kitambaa, namwambia sababu hiyo ni ndogo. Sababu kubwa ni muda na utulivu wa kitambaa.

Kosa dogo linakwenda wapi

Mraba una huruma. Ukishona mshono mpana kuliko robo inchi, lakini ukashona hivyohivyo kila mahali, miraba yako itakutana kona kwa kona na hakuna atakayejua. Shuka litapungua tu. Litapungua kiasi gani? Mshono ukizidi kwa robo ya robo inchi, yaani sehemu moja ya 16, kila muungano unakula sehemu moja ya nane, kwa kuwa vipande viwili vimeliwa. Upana wa shuka letu una miraba 20 na miungano 19. Umepoteza inchi 2 na zaidi bila kuhisi.

Pembetatu hailifichi kosa. Ncha yake inatakiwa ikae robo inchi kamili kutoka ukingoni, ili mshono unaofuata upite pale pale kwenye ncha. Mshono ukizidi, ncha inamezwa na nyota inabaki butu. Ukipungua, ncha inaelea mbali na jirani yake. Mtu atakayeliona shuka lako kwa mbali ataona kuna kitu hakijatulia hata kama hawezi kukitaja.

Kwa hiyo kabla hujaamua, jipime. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 2 kila kimoja, viunge sambamba, piga pasi, kisha pima cha katikati. Kikiwa inchi 1 na nusu kamili, mshono wako ni robo inchi ya kweli na pembetatu zitakukubali. Kikipungua, sogeza kipande cha plasta ulichobandika kwenye bamba la cherehani kama alama, ujaribu tena. Kazi hii ya robo saa imewaokoa wengi kuliko somo lolote ninalotoa.

Kitambaa kiamue

Kitenge kizito cha pamba kinaifaa pembetatu. Kimefumwa kwa kukaza, kinashika pasi, na ukikitia kanji ya unga wa muhogo iliyochujwa vizuri kinakuwa kigumu kama karatasi wakati wa kushona, kisha kanji inatoka kwenye maji ya kwanza. Mtu anayetaka nyota afue vitenge vyake, avitie kanji, avipige pasi, ndipo aguse mkasi. Kufua kwanza ni lazima kwa vitambaa vyote, maana pamba hurudi, na nyekundu nyingi hutoa rangi ikachafua nyeupe iliyo jirani.

Kanga, hasa iliyokwishavaliwa na kufuliwa miaka, ni laini na imelegea. Hiyo nasema mraba, na mraba mkubwa. Sababu ya pili ni ya moyo. Kuna mama aliniletea kanga za marehemu mama yake, tano, baada ya kumaliza matanga. Aliona picha za nyota naye akataka nyota. Nilimtandikia kanga moja mezani, nikamwonyesha pindo, mji na jina, yale maandishi yanayokaa chini ya mji. Tukifanya nyota, nikamwambia, jina litakatwa silabi silabi, na ua la mji huu litagawanyika vipande ambavyo hutavitambua. Tukakata miraba ya inchi 6 na nusu. Katika kila kanga tulichukua mraba mmoja wenye ua zima, na jina tulilikata kama utepe mrefu tukaliweka baina ya safu. Akilala anaweza kulisoma. Kwa kazi ya kumbukumbu sijawahi kujuta kuchagua mraba.

Mabaki ya fundi ni suala jingine. Yanatoka kwapani, shingoni na kwenye marinda, na mengi yamekuwa na pembe tatu tayari. Watu huona pembe tatu wakadhani zawadi imeshuka. Tazama uzi kwanza. Rinda lililokatwa mshazari limeacha vipande ambavyo pande zake zote zimekaa mshazari, na ukiviunga vilivyo utapata bloku inayocheza kila upande. Weka kiolezo cha mraba wa inchi 2 na nusu juu ya baki, ukizungushe mpaka ukingo ulingane na uzi, chora kwa kipande cha sabuni, kata. Utapata vidogo, lakini vitatulia.

Na chagua pamba peke yake. Vitenge vingine vya bei rahisi ni poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba unaungua ukawa majivu yenye harufu ya karatasi, wa poliesta unayeyuka na kuacha tone gumu. Vikichanganywa kwenye bloku moja, pasi inayolaza pamba itakunjamanisha ile nyingine.

Ukitaka pembetatu, uikate lini?

Hapa ndipo ninapobishana na wengi. Pembetatu iliyo salama ni ile ambayo hujaikata mpaka imekwisha kushonwa.

Chukua miraba miwili ya inchi 4, wa rangi ya giza na wa rangi ya mwanga, uiweke uso kwa uso. Chora mstari mmoja kutoka kona hadi kona upande wa nyuma. Shona robo inchi upande huu wa mstari, kisha robo inchi upande ule. Sasa kata juu ya mstari. Fungua: una miraba miwili, kila mmoja nusu giza nusu mwanga, na ule ukingo unaonyumbuka umefungwa ndani ya mshono tangu mwanzo. Haukupata nafasi ya kuvutika. Kinadharia mraba wa kuanzia ungekuwa inchi 4 kasoro robo ya nusu inchi, yaani inchi 3 na sehemu saba za nane, lakini nakushauri ukate 4 na kupunguza hadi 3 na nusu. Mimi napunguzia kwa kiolezo nilichokikata kwenye picha ya eksirei ya zamani. Nimechora juu yake mstari wa kona kwa kona kwa kalamu ya wino mzito, na kwa kuwa inaonyesha, naulaza mstari juu ya mshono, nazungusha mkasi, na kila kipande kinatoka sawa na mwenzake.

Njia ya kutoa nane kwa mpigo hutumia miraba miwili ya inchi 8: unachora mishazari yote miwili, unashona pande zote mbili za kila mstari, halafu unakata msalaba katikati na kwenye mishazari. Ni ya haraka, ila inataka kitambaa kizima. Mwenye kiroba cha mabaki haimfai.

Kuna na njia ya kushona miraba miwili kuizunguka pembeni kisha kuikata kwa mishazari ikatoka minne. Inavutia kwa wepesi wake. Matokeo yake ni kwamba kingo zote nne za kila kipande zimebaki mshazari, zikisubiri kunyumbuka utakapoziunga na majirani. Kwa kitenge kilichotiwa kanji, labda. Kwa kanga, hapana.

Kukata pembetatu moja moja na kuziunga, kama nilivyofanya kwa shuka la mtoto, nimekuachia tu kama unashona kwa mkono. Na hapo naigeuza kauli yangu: kwa sindano ya mkono pembetatu si adui. Unachora mstari wa mshono wenyewe kwa penseli nyuma ya kila kipande, unashikiza kona kwa pini, unapiga bandi ndogo ndogo juu ya mstari na kuishia penye kona, bila kuingia kwenye nafasi ya mshono. Vidole vinahisi kitambaa kikianza kuvutika kabla jicho halijaona. Anayeshona jioni barazani, asiye na haraka, anaweza kuanza na nyota akafanikiwa pale ambapo mwenye cherehani anashindwa.

Pasi

Kwa miraba, laza mishono ya safu ya kwanza kulia na ya safu ya pili kushoto, ikutane ikifumbatana. Vidole vitakuambia imeshikana. Kwa pembetatu, iinue pasi na kuishusha, usiisukume, maana kuisukuma ni kuvuta mshazari. Katikati ya pangaboi mishono minane hukutana mahali pamoja na kufanya nundu. Pale ifungue mishono, nusu huku nusu huku.

Uzuri unatoka wapi

Wengi huamini mraba ni wa mwanafunzi na pembetatu ni ya bingwa. Sikubali. Kule Gee's Bend, kijiji cha Waafrika-Wamarekani katika jimbo la Alabama, akina mama wameshona kwa vizazi mashuka ya viraka kutoka nguo za kazi zilizochakaa, na mengi yake ni miraba na vipande virefu tu, kimoja kikizunguka kingine. Mwaka 2002 mashuka hayo yalianza kuonyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, yakaenda kwenye makumbusho ya Whitney mjini New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Kinachoyafanya yaimbe ni namna rangi zilivyopangwa.

Karibu zaidi na sisi kwa damu, Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamechukuliwa utumwani, hushona shuka liitwalo kawandi. Hawaungi bloku kabisa. Wanaanzia kona moja ya bitana, wanakunja ukingo wa kila kiraka na kukishona moja kwa moja juu yake kwa bandi, wakizunguka kutoka pembeni kwenda katikati mpaka nafasi iishe. Kwenye kona nne hupachika pembetatu ndogo zilizokunjwa tabaka tabaka, wanaziita phula, yaani maua. Pembetatu ipo, lakini nne tu, mahali pake. Mwenye mabaki yasiyolingana hata kidogo na asiyependa kupima, njia hii itamfaa kuliko zote mbili nilizozilinganisha.

Kitu pembetatu inachokupa na mraba hauwezi ni mwendo. Miraba ya rangi mbili hutoa dama, basi. Miraba ileile 16 ya pembetatu ukiigeuza hivi unapata pangaboi, vile unapata mawimbi, vingine unapata kitanda kizima kilichogawanyika kwa mistari ya giza na mwanga. Lakini rangi ziachane kweli: giza liwe giza. Vitenge vyenye maua makubwa ya rangi saba hufuta ncha zote, na kazi yako yote ya kupunguza kingo haionekani. Ukiwa na vitenge vya aina hiyo tu, kata miraba mikubwa uyaache maua yaseme.

Ipo pia njia ya kati. Shona bloku za miraba mitupu, kisha uzipange zimesimama kwa kona badala ya kulala kwa upande. Shuka linapata mishazari bila kukata pembetatu, ila zile za kujazia pembeni.

Na ukitaka kuonja pembetatu kabla ya kujifunga na 560, shona nyota ya urafiki. Ni bloku ya vipande 9 vya inchi 3: mraba wa katikati una rangi ya nyota, miraba minne ya kona ni ya rangi ya usuli, na baina yao kuna miraba minne ya nusu kwa nusu. Miraba miwili ya giza na miwili ya mwanga, ya inchi 4, inakutosha kuitoa minne hiyo kwa njia niliyoieleza. Bloku ikikamilika ilaze mezani, weka rula juu yake. Ikilala bapa na kupima inchi 9 na nusu kila upande, fungua kiroba cha vitenge. Ikiinuka katikati, ifanye uso wa mto, na shuka la kwanza lishone kwa miraba.